Karama za Roho na Amani ya Nyumba

Rwimbogo ni mojawapo ya tarafa 18 za Wilaya ya Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, katika nchi iliyojulikana zamani kama Mkoa wa Cyangugu. Ni nchi ya vilima, migomba na mihogo. Kaskazini uko mji wa Kamembe, kusini iko tambarare ya mpunga ya Bugarama, na Kongo haiko mbali. Wakristo wa huko ni wa madhehebu mengi, na wengi wao hukutana si kanisani tu bali hata majumbani, katika vikundi vya maombi vya jirani na jirani.

Katika nchi ya namna hiyo, suala la karama za Roho si la wanavyuo peke yao. Mtu huamka asubuhi akasema ameota. Mwingine huwekewa mikono akaondoka akisema maumivu yamekwisha. Mama mwingine huambiwa na mwenzake, katikati ya maombi, kwamba Bwana amesema juu ya ndoa yake. Neno la aina hiyo likishatamkwa haliishii kwenye kikundi. Huingia nyumbani, likaketi mezani na wenye nyumba, likalala nao.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, nyumba ya askari mmoja wa huko. Mume yuko Cabo Delgado, Msumbiji, ambako majeshi ya Rwanda yalipelekwa tangu Julai 2021. Mke amebaki na watoto watatu na mama mkwe wake mzee. Mtoto mdogo amepata homa, inapanda na kushuka kwa siku mbili. Jioni, katika kikundi cha maombi, mama mmoja mwenye sifa ya kuona mambo ya siri anasimama na kusema kwamba amefunuliwa: homa ya mtoto inatoka katika mkono wa bibi yake, na bibi huyo aondolewe nyumbani kabla ya mwezi kuandama. Mke yule anarudi nyumbani usiku. Bibi amekaa jikoni, anamchemshia mjukuu uji.

Afanye nini? Hilo ndilo swali, na haliwezi kujibiwa kwa kucheka unabii wala kwa kuupokea kama amri ya kamanda. Hapana budi kwanza ifahamike karama ni kitu gani.

Neno lenyewe lilifika katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na lina undugu na neno kukirimu, yaani kumpa mgeni kwa moyo. Waislamu wa pwani hulitumia kwa maajabu yanayosimuliwa juu ya mawalii. Wafasiri wa Biblia walilichukua ili kufasiri neno la Kiyunani ambalo mzizi wake ni neema. Wanyarwanda husema impano, zawadi. Kwa lugha zote tatu maana ni moja: kitu ambacho mtu hakukifanyia kazi wala hakukinunua. Kwa hiyo anayejivuna kwa karama anajivunia kitu asichokichuma, kama mtu anayetembea kifua mbele kwa koti la kuazima.

Mafundisho marefu kuliko yote juu ya jambo hili yanapatikana katika barua ya kwanza ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, iliyoandikwa takriban mwaka 55. Korintho ulikuwa mji wa biashara uliokaa kati ya bahari mbili, wenye watu wa kila kabila, na kanisa lake lilikuwa na karama nyingi na fujo nyingi. Watu walinena kwa lugha wote kwa pamoja. Aliyenena alijiona mkubwa kuliko aliyepika chakula cha wajane. Paulo hakuwanyang'anya karama zao. Aliwaorodheshea: neno la hekima, neno la maarifa, imani, kuponya, miujiza, unabii, kupambanua roho, lugha, na tafsiri za lugha. Kisha, mwishoni mwa sura ile ile, akaongeza mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyaruka kwa haraka kufikia yale ya kutisha: kusaidia watu, na kuongoza shughuli. Katika barua yake kwa Warumi alikwenda mbali zaidi, akataja kuhudumu, kufundisha, kutia moyo, kutoa mali, kusimamia na kurehemu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kupandisha sauti.

Askari ataelewa haraka kuliko raia. Kikosi hakiendi vitani na wapiga bunduki peke yao. Yupo mpishi, yupo tabibu, yupo dereva, yupo mtu wa redio, yupo mtunza ghala anayejua idadi ya kila kitu. Siku redio inaponyamaza ndipo mtu wa redio anapojulikana kuwa ni mtu. Paulo alitumia mfano wa mwili, mguu na jicho na sikio, lakini alikuwa akisema jambo hilo hilo. Tena alitumia mfano wa jeshi hasa alipofika kwenye lugha: tarumbeta ikilia sauti isiyotambulikana, nani atajua kama ameitwa kujipanga au kulala? Ndiyo maana aliagiza wanaonena kwa lugha wasizidi wawili au watatu, kwa zamu, na pawepo mwenye kufasiri. Asipokuwapo, mnenaji anyamaze mbele ya watu na aseme na Mungu wake kimya kimya. Wauzaji wa sokoni Kamembe wangekubaliana naye. Pale husikika Kinyarwanda, Kiswahili na lugha za ng'ambo ya mpaka, na mwenye kuita wanunuzi kwa lugha wasiyoijua hurudi nyumbani na mzigo wake, hata kama sauti yake ni nzuri.

Habari za karama hizi si ngeni katika Rusizi. Mwaka 1940 wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi, waliokuwa tayari wakifanya kazi Kongo, walivuka na kufungua kituo chao cha kwanza nchini Rwanda katika Gihundwe, karibu na Kamembe. Kutokana na kituo hicho lilikua kanisa linaloitwa leo ADEPR, ambalo ni miongoni mwa makanisa makubwa ya Kiprotestanti nchini. Wapentekoste walifundisha kwamba karama zilizotajwa na Paulo hazikukoma na mitume. Lakini kituo hakikuwa cha kunena kwa lugha tu: Gihundwe leo ni jina la shule na la hospitali pia. Vivyo hivyo Wamethodisti Huru, waliofika kando ya Ziwa Kivu katika miaka ya 1940, wanakumbukwa zaidi kwa hospitali ya Kibogora. Muuguzi aliyekesha na mgonjwa huko pengine hakuitwa nabii hata siku moja, na kwa orodha ya Paulo alikuwa na karama kamili.

Mashariki ya nchi kulikuwa na habari nyingine, iliyotangulia. Katika kituo cha Kianglikana cha Gahini, miaka ya 1930, ulianza uamsho ambao ulivuka mipaka ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Daktari Joe Church wa Uingereza, ndugu wawili Waganda Simeoni Nsibambi na Blasio Kigozi, na Yosiya Kinuka wa hospitali ya Gahini ni miongoni mwa majina yanayotajwa. Kigozi alifariki Januari 1936, na katika mwaka huo huo moto ukazidi kuwaka. Watu walilia usiku kucha, wengine walitetemeka na kuanguka, wengine waliota ndoto. Viongozi walikuwa na kazi ngumu: lipi la Roho, lipi la msisimko, lipi la mtu anayetaka kutazamwa? Kipimo kilichopata nguvu kati ya watu wa uamsho kilikuwa cha kawaida mno. Hawakuuliza sana mtu ametetemeka kiasi gani. Waliangalia kama amekiri, amepatana na jirani yake, na amerudisha alichoiba. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa kwa wenyewe, na madeni ya zamani yakalipwa. Mwenye ng'ombe aliyerudishiwa ng'ombe wake hakuhitaji kufasiriwa lugha.

Kipimo kile kingefaa kukumbukwa na wote miaka sitini baadaye. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu wa Cyangugu walikimbilia makanisani, Shangi, Nyamasheke na Mibilizi, wakauawa huko. Wengine walikusanywa katika uwanja wa michezo wa Kamarampaka, na kutoka humo waliitwa kwa orodha za majina wakapelekwa kuuawa. Wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Ndoto, maono, kwaya na maombi ya usiku vilikuwapo nchini kabla ya Aprili ya mwaka ule, na havikutosha kuuzuia mkono ulioinua panga. Paulo alikuwa ameliona jambo hilo mapema. Kati ya sura yake ya karama na sura yake ya utaratibu wa karama aliweka sura nzima ya upendo, akasema kwamba mwenye lugha za wanadamu na za malaika akikosa upendo ni kelele ya shaba tu. Sura hiyo husomwa sana kwenye arusi. Pale alipoiweka, ilikuwa onyo kwa manabii.

Na katika siku hizo hizo, katika kambi ya Nyarushishi, Rusizi hii hii, maelfu ya Watutsi walisalimika. Walikuwapo askari wa jandarmeri walioilinda kambi dhidi ya wauaji, mpaka majeshi ya Ufaransa yalipofika tarehe 23 Juni. Kazi yao ilikuwa zamu: kusimama mahali, kutopisha mtu. Mwenye kutafuta mfano wa kuhudumu na kurehemu asiende mbali.

Kosa la upande wa pili ni kuipokea kila sauti inayosema imetumwa. Afrika ya Mashariki imelipa kwa kosa hilo. Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililoongozwa na watu waliodai kuona maono waliteketea katika jengo lao la sala, na mamia ya maiti nyingine zikafukuliwa baadaye katika nyumba za kundi hilo. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwamo, wa kundi lililofundishwa kufunga mpaka kufa.

Mfano ulio mpole zaidi, na pengine wenye kufundisha zaidi, ni ule wa kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, mwaka 2011. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto mti ambao mizizi yake ingeponya maradhi sugu. Aliuza kikombe kwa shilingi 500 tu, na hakuna aliyeweza kusema ni mtu wa tamaa. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi; watu wa vyeo vyote walikwenda. Lakini wagonjwa kadhaa walifia njiani na katika foleni, na wako walioacha dawa za hospitali kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Kasoro haikuwa katika mtu kuota ndoto. Kasoro ilikuwa kwamba umati ulitangulia, na kupima kukaja nyuma kwa mguu wa kuchechemea. Paulo aliagiza kinyume chake: manabii waseme wawili au watatu, na wengine wapime. Unabii usiokubali kupimwa umekwisha kujihukumu, na nabii anayekasirika anapoulizwa swali amejibu swali lenyewe.

Serikali ya Rwanda ilichukua njia ya sheria. Sheria ya Agosti 2018 juu ya mashirika ya dini iliwataka wakuu wa makanisa wawe na shahada ya elimu ya dini, wakapewa miaka mitano ya kujiandaa. Wako waliolalamika kwamba Petro hakuwa na shahada. Ni kweli, lakini Petro alikaa na Mwalimu wake miaka mitatu hivi, na alikemewa mbele ya wenzake zaidi ya mara moja. Si manabii wengi wa siku hizi wanaokubali hata hilo la pili.

Iko habari katika kitabu cha Matendo ya Mitume ambayo ingefaa kusomwa polepole katika kila kikundi cha maombi cha Rwimbogo. Nabii Agabo alitabiri njaa kuu. Waliosikia hawakumtafuta mchawi wa kumlaumu. Walichanga fedha, kila mtu kwa uwezo wake, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi. Baadaye Agabo huyo huyo alichukua mshipi wa Paulo, akajifunga mikono na miguu, akasema mwenye mshipi atafungwa hivyo Yerusalemu. Rafiki zote wakamsihi asiende. Paulo hakukana unabii, na hata hivyo alikwenda, kwa kuwa alijua wajibu wake. Agabo alimpa habari, hakumpa amri. Kwa watu wa nyumbani tofauti hiyo ni kubwa sana. Nabii aliyetumwa huweza kusema yaliyo mbele. Hakupewa kuoa wala kuachisha, kufukuza wazazi, wala kupanga mshahara wa mtu.

Vijana huuliza mara kwa mara watazijuaje karama zao, na wengine hufunga siku nyingi wakingoja sauti. Njia iliyozoeleka ni fupi zaidi. Mtu hupewa kazi. Anapewa kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili kwa miezi michache. Watoto wakiongezeka na kukumbuka waliyofundishwa, wengine huona kabla yake. Akishindwa si aibu, ajaribu kutunza fedha, au kutembelea wagonjwa, au kutengeneza paa. Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli anasemwa kuwa alijazwa Roho wa Mungu, naye kazi yake ilikuwa kuchonga mbao na kufua dhahabu. Wanawake nao wasidharauliwe katika jambo hili: Filipo wa Kaisaria alikuwa na binti wanne waliotabiri, na hakuna aliyewaamuru wanyamaze.

Sasa nyumba ile ya askari. Yule mama hakumfukuza mama mkwe wake usiku ule. Alfajiri alimpeleka mtoto kwa mshauri wa afya wa kijiji, akapimwa damu, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa. Kisha akaenda kwa mzee wa kanisa, mtu wa makamo aliyekuwa akipalilia mihogo yake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Mtoto anaendeleaje?”

“Ameanza dawa. Lakini mzee, nimeambiwa neno.” Akamweleza lote.

Mzee aliweka jembe chini. “Wakati neno hilo linasemwa, alikuwapo mzee yeyote wa kanisa?”

“Hapana.”

“Yule mama alikubali kulirudia mbele yetu?”

“Alisema nisimwambie mtu.”

“Basi tumekwisha kupata jambo la kwanza. Na la pili: bibi huyo, tangu mwanawe aondoke, amekutendea nini?”

Yule mama alinyamaza kidogo. “Ananilelea watoto, mzee. Mimi nisingeweza kwenda shambani bila yeye.”

Mzee hakumtukana nabii. Alimwita siku ya Jumatano, mbele ya wazee wawili na mama mmoja mwenye umri, akamwuliza kwa upole aliona nini hasa. Ilidhihirika kwamba kweli alikuwa ameota ndoto juu ya mtoto mwenye homa, akaamka na uchungu wa kumwombea. Habari ya bibi hakuiona katika ndoto. Aliiunganisha mwenyewe, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba uliokuwapo kati ya koo zile mbili. Wazee hawakumzuia kuomba. Walimwambia kwamba uchungu ule wa kumwombea mtoto huenda ulikuwa karama kweli, na kwamba kilichobaki kilikuwa chake. Walimtaka asitoe tena neno juu ya nyumba ya mtu isipokuwa mbele ya wazee, na aende kwa bibi aseme naye.

Alikwenda Ijumaa jioni, na kikapu cha viazi vitamu. Bibi alimkaribisha jikoni, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha na sebuleni kulivuja. Waliongea habari za mpaka wa shamba mpaka taa ikawashwa. Jumapili, askari alipopata mtandao akapiga simu kutoka Msumbiji, mkewe alimwambia kwamba mtoto amepona na kwamba mama yake yuko salama, anataka kusema naye, akampa simu.